Farasi Anavuta, Dereva Anahesabu: Kumwelewa John Campbell

Hervé Filion wa Quebec alishinda mbio za farasi wa vigari zaidi ya 15,000 maishani mwake. Dave Palone, aliyejenga jina lake kwenye uwanja wa The Meadows huko Pennsylvania, alimpita Filion mwaka 2012, na miaka miwili baadaye akampita Mjerumani Heinz Wewering, aliyekuwa akiongoza dunia nzima. John Campbell, dereva Mkanada wa mbio hizo, alipoweka hatamu chini mwaka 2017 alikuwa na ushindi wapata 10,600. Kwa kuhesabu ushindi tu, yuko nyuma yao kwa maelfu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30, mwenye farasi bora wa Amerika Kaskazini alipotafuta mtu wa kumkabidhi siku ya fainali, jina la Campbell lilikuwa halikawii kutajwa.

Wanaoufuatilia mchezo huu kwa mbali hushindwa kuelewa inakuwaje. Dereva hamfundishi farasi. Mara nyingi hamlishi wala hamwogeshi, na pengine wamekutana dakika chache kabla ya mbio. Yeye hukaa nyuma, farasi ndiye anayevuta. Sasa ubingwa wake uko wapi? Jibu lipo, lakini halimo kwenye safu ya ushindi peke yake. Linapatikana ukijua kwanza kazi yenyewe inafanywaje.

Farasi wa mbio hizi huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Dereva huketi nyuma ya mkia, miguu ameinyoosha mbele kwenye vikanyagio, hatamu mikononi. Masafa ya kawaida Amerika Kaskazini ni maili moja, yaani mita 1,609. Sharti kubwa ni moja: farasi haruhusiwi kwenda shoti. Wako farasi wa troti, ambao mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Wako pia farasi wa pesi, ambao miguu miwili ya upande mmoja huenda pamoja, na wengi wao hufungwa mikanda ya kuunganisha mguu wa mbele na wa nyuma ili wasipoteze mwendo. Wa pesi huwa na kasi zaidi kidogo kuliko wa troti. Farasi akivunja mwendo na kuanza shoti, dereva lazima amtoe pembeni penye nafasi, amvute hadi arudi kwenye mwendo wake, na akubali kuachwa. Katika mbio za chini ya dakika mbili, kosa hilo huwa ndio mwisho wa matumaini.

Farasi wenyewe ni wa aina iitwayo stendibredi. Mwaka 1879 wafugaji wa Marekani waliweka kiwango cha kuingia kwenye daftari lao, na kwa farasi wa troti kilikuwa kukimbia maili moja kwa dakika mbili na nusu. Karibu wote wa leo wana damu ya dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1849 katika jimbo la New York, Hambletonian. William Rysdyk alimnunua akiwa mtoto, pamoja na mama yake, kwa dola 125, na farasi huyo akazaa watoto zaidi ya 1,300. Mbio kuu za troti za Marekani, zilizoanza mwaka 1926, zina jina lake. Ni za farasi wa miaka mitatu tu, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja maishani. Hilo tulikumbuke, maana litatusaidia kumpima Campbell.

Tuingie uwanjani. Tangu mwaka 1946 mbio huanzishwa na gari lenye mabawa mawili marefu yanayofanya lango. Farasi huja nyuma ya mabawa wakiwa tayari kwenye mwendo, gari huongeza kasi, na kwenye mstari wa kuanzia mabawa hukunjwa nalo likatimua mbele. Hapo dereva ana sekunde chache za kuamua jambo litakalotawala mbio nzima: amtoe farasi wake mbio awahi uzio wa ndani, au amtulize na kusubiri?

Si uamuzi mdogo. Farasi anayemaliza maili kwa dakika 1 na sekunde 52 anakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na kwa kasi hiyo hewa ni mzigo. Aliye mbele anaipasua, anayefuata mgongoni mwa kigari cha mbele anapata nafuu, kama waendesha baiskeli wanavyofichana upepo. Kwa hiyo nafasi ya pili kwenye uzio ni tamu sana: safari fupi, upepo mdogo. Hatari yake ni kufungiwa. Ukiwa na mtu mbele, uzio kushoto na mwingine amekaa kulia kwako, unaweza kuingia mita mia za mwisho una farasi mwenye nguvu tele asiye na pa kupita.

Upande wa nje kuna gharama nyingine, nayo ni ya hesabu tupu. Ukikimbia mita 2 nje ya mwenzako, kila mzunguko mzima wa uwanja unakuongezea zaidi ya mita 12. Kwenye uwanja wa maili moja farasi huzunguka mara moja. Kwenye uwanja wa nusu maili huzunguka mara mbili, nazo zimeshakuwa mita 25, karibu sekunde mbili za mwendo wa farasi mzuri, na huko mshindi hupatikana kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana kutoka nje bila mtu wa kukukinga upepo huogopwa, na kutoka nje huku umemtanguliza mwingine akupasulie hewa hutafutwa sana. Tatizo ni kwamba kila dereva anamsubiri mwenzake atangulie.

Tena anayeongoza hakai tu. Yeye ndiye anayepanga kasi. Akipita robo ya kwanza kwa sekunde 27, kisha akafaulu kuipitisha robo ya pili kwa sekunde 29 bila mtu kumsogelea, amemnunulia farasi wake pumzi ambayo waliobaki nyuma watailipia mwishoni. Dereva mzuri wa nyuma anapaswa kulihisi hilo papo hapo na kumtoa farasi wake kwenda kumsumbua. Akichelewa sekunde tatu, kiongozi amekwisha pumzika. Akiwahi mno, atamchosha wake kabla ya kona ya mwisho. Kwa maoni yangu dereva hapimwi kwa namna anavyochapa mjeledi kwenye mita mia za mwisho, ambako kamera zote hukodoa. Hupimwa katika robo ya pili na ya tatu, mahali ambapo mtazamaji wa kawaida haoni kinachotokea.

Sasa tumrudie Campbell. Alizaliwa mwaka 1955 Ontario, Kanada, akakulia shambani karibu na kijiji cha Ailsa Craig, katika familia iliyokuwa na farasi wa vigari tangu kwa babu. Baba yake, Jack, aliwafundisha na kuwaendesha, na mdogo wake Jim naye akaja kuwa mkufunzi anayeheshimika. John alianza kushinda mbio mwaka 1972 akiwa bado kijana wa miaka 17, kwenye uwanja wa mji wa London, Ontario, kisha akahamia kwenye mbio za Windsor na Detroit, pande mbili za mpaka wa Kanada na Marekani. Hiyo ndiyo njia waliyopita madereva wengi wa kizazi chake, na wengi hawakuvuka hapo.

Kilichobadilisha maisha yake ni uwanja mpya. Meadowlands ulifunguliwa mwaka 1976 East Rutherford, New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka jiji la New York. Ulikuwa uwanja wa maili moja, wenye mbio za usiku, taa kali na mafungu ya zawadi ambayo mchezo huu ulikuwa haujawahi kuyaona. Mwaka 1980 mbio zake za Woodrow Wilson, za farasi wa pesi wa miaka miwili, zilipita dola milioni 2. Campbell aliingia huko mwaka 1978, na mwaka uliofuata alikuwa anaongoza Amerika Kaskazini yote kwa fedha ambazo farasi aliowaendesha walizoa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Umbo la uwanja nalo lilimfaa. Kwenye maili moja kona ni mbili na nyoofu ya mwisho ni ndefu, kwa hiyo aliye nyuma hajamalizika. Dereva mwenye subira ana nafasi ya kuhesabu, na subira ndiyo sifa ambayo waliomwona Campbell huitaja kabla ya nyingine: mikono iliyotulia kwenye hatamu, uso usioonyesha kitu, na saa kichwani.

Lakini kuna badiliko jingine, la ndani zaidi, bila kulielewa hilo maisha yake hayasomeki vizuri. Vinara wa kizazi kilichomtangulia, watu kama Billy Haughton na Stanley Dancer, walikuwa mabwana wa mabanda. Walinunua farasi wadogo kwenye minada, wakawafundisha, wakawaendesha wenyewe. Dereva na mkufunzi alikuwa mtu mmoja, na ushindi wa Jumamosi ulikuwa matunda ya miezi ya asubuhi za baridi. Meadowlands, na mbio zake kumi au zaidi kila usiku, iliharakisha kazi tofauti: dereva wa kukodiwa. Huyu hana banda la kuangalia. Anafika jioni, anaendesha farasi wa wakufunzi saba au wanane tofauti, anarudi nyumbani, kesho tena. Campbell ndiye aliyeonyesha kazi hiyo inaweza kufikishwa wapi.

Kazi ya kukodiwa ina mtihani wake. Mbio moja inaweza kuwa na farasi watatu ambao wakufunzi wao wote wanakutaka. Lazima uchague mmoja, na mwisho wa usiku kila mtu ataona kama ulichagua vizuri. Unayemkataa leo anaweza kuwa bingwa wa mwaka kesho, na mkufunzi wake hasahau. Basi dereva wa aina hii anasoma farasi na anasoma watu kwa wakati mmoja. Kudumu kileleni kwa miaka 30 katika hali hiyo kunadai kumbukumbu, adabu na neno lisilogeuka.

Wala hakuwa peke yake. Bill O'Donnell, Mkanada mwenzake kutoka Nova Scotia, alimpokonya uongozi wa fedha mwaka 1981 na 1982, Campbell akaurudisha mwaka 1983, O'Donnell akauchukua tena mwaka 1984 na 1985, na mwaka huo wa 1985 akawa dereva wa kwanza kuvuka dola milioni 10 kwa msimu mmoja. Kisha kuanzia 1986 hadi 1990 ikawa ni Campbell mfululizo. Mwaka 1990, akiwa na miaka 35, aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo huko Goshen, New York, umri ambao wenzake wengi walikuwa bado wanatafuta jina.

Farasi aliyemvusha mipaka alikuwa Mack Lobell, wa mkufunzi Chuck Sylvester. Mwaka 1987 walishinda Hambletonian, na mwezi huohuo wa Agosti, huko Springfield, Illinois, wakakimbia maili kwa dakika 1, sekunde 52 na moja ya tano, rekodi ya dunia ya farasi wa troti. Mwaka 1988 wakaenda Sweden kwenye Elitloppet, mbio za mwaliko zinazofanyika uwanja wa Solvalla, Stockholm, ambako farasi hukimbia mchujo na fainali siku hiyohiyo. Wakashinda. Ulaya huthamini troti kuliko pesi, na watazamaji wake ni wakali wa macho. Kushinda kule, kwenye uwanja usio wako, ni jambo ambalo dereva wa Marekani hapewi bure.

Baada ya Mack Lobell alishinda Hambletonian mara tano zaidi: Armbro Goal mwaka 1988, Harmonious 1990, Tagliabue 1995, Muscles Yankee 1998 na Glidemaster 2006. Jumla sita. Haughton na Dancer waliishia nne kila mmoja, na kabla yao Ben White vilevile. Kumbuka ile kanuni ya miaka mitatu: hakuna farasi anayeweza kurudi mwakani. Mara sita maana yake farasi sita tofauti, katika muda wa miaka 19. Tena walitoka mikononi mwa wakufunzi mbalimbali. Mack Lobell na Muscles Yankee walikuwa wa Sylvester, Armbro Goal wa Jan Johnson, Tagliabue wa mdogo wake Jim, Glidemaster wa Blair Burgess.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani wake inapolegea. Husemwa kwamba Campbell alishinda kwa sababu alipewa farasi wazuri. Ni kweli alipewa. Ila hakuna aliyelazimika kumpa. Wenye farasi hao walikuwa wanahatarisha fedha zao na nafasi ya pekee ya farasi wao, na wangeweza kumpa mwingine mwaka wowote. Wakarudi kwake kizazi baada ya kizazi.

Ukitaka kumwona akifanya kitu ambacho hesabu inakikataa, mtazame kwenye Little Brown Jug ya mwaka 1993. Mbio hizi za farasi wa pesi wa miaka mitatu hufanyika Delaware, Ohio, kwenye uwanja wa nusu maili, kona nne, na mchujo na fainali mchana mmoja. Nimeeleza gharama ya kukaa nje kwenye uwanja wa namna hiyo. Campbell, akiwa na Life Sign, alikimbia sehemu kubwa ya fainali nje, bila mtu wa kumkinga, na bado akashinda. Huo haukuwa uzembe wa mahesabu. Alijua farasi wake ana moyo na mapafu ya kulipa ile gharama, na alijua kumfungia ndani ndiko kungempoteza. Mimi naihesabu kuwa kazi yake kubwa kuliko zote, juu hata ya siku za Hambletonian. Aliishinda Jug mara mbili nyingine, kwa Merger mwaka 1982 na Nick's Fantasy mwaka 1995.

Sasa tunaweza kuzirudia zile nambari. Farasi aliowaendesha Campbell walizoa karibu dola milioni 300. Wengi hudhani ni fedha zake. Hapana. Kwa desturi ya Amerika Kaskazini, asilimia 5 ya anachopata farasi humwendea dereva, asilimia 5 mkufunzi, zinazobaki ni za mmiliki. Na farasi mwenyewe hapati fungu zima: mshindi huchukua nusu, wa pili robo, na kinachobaki hugawanywa kwa wa tatu hadi wa tano. Asilimia 5 ya milioni 300 ni milioni 15, kabla ya kodi na gharama, kwa kazi ya miaka 45. Ni fedha nyingi, lakini ni kitu tofauti kabisa na kinachosomeka kwenye vichwa vya habari.

Idadi ya ushindi nayo inategemea unaendesha wapi na mara ngapi. Filion aliweza kuendesha mchana kwenye uwanja mmoja na usiku kwenye mwingine, na mwaka 1989 pekee alishinda mbio 814. Tim Tetrick alifika 1,189 mwaka 2007. Kufanya hivyo ni ustadi wa aina yake, na mwili unaoweza kuhimili hayo unastahili heshima. Lakini mbio ya dola elfu chache alasiri ya Jumanne na fainali ya dola milioni huhesabiwa sawa: moja na moja.

Ili kurekebisha hilo kuna kipimo cha wastani. Ushindi hupewa pointi 9, nafasi ya pili 5, ya tatu 3, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya mbio mara 9. Dereva aliyeendesha mara 100, akashinda 20, akawa wa pili mara 15 na wa tatu mara 10, ana pointi 285 kwa 900, yaani 0.317. Kipimo hiki humwonyesha anayetumia vizuri nafasi anazopata, ila nacho hakijui ubora wa farasi wala uzito wa siku. Kwa dereva wa kukodiwa, mimi hutazama zaidi fainali kubwa, kwa sababu pale wote wameleta farasi wao bora na kila mmoja amechagua dereva kwa makini. Katika Breeders Crown, mfululizo wa fainali ulioanza mwaka 1984 kwa farasi wa troti na pesi wa umri mbalimbali, Campbell alishinda mara 48.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu hazina safu yake. Magurudumu ya vigari hupita sentimita chache kutoka kwato za farasi wa nyuma, na mmoja akianguka, wanaomfuata hawana pa kwenda. Haughton, mwalimu wa wengi, alifariki Julai 1986 kwa majeraha ya kichwa baada ya kuanguka mbioni Yonkers, New York. Campbell mwenyewe aliumia vibaya zaidi ya mara moja, akauguza mifupa, akarudi kwenye kigari katika umri ambao mtu angesamehewa kwa kukaa nyumbani. Alipomwendesha Glidemaster, Campbell alikuwa na miaka 51.

Mwaka 2017 aliacha kuendesha na kushika uongozi wa Hambletonian Society, taasisi inayosimamia mbio alizozishinda kuliko dereva yeyote. Video za kazi yake ni nyingi. Ukizitazama, usiruke mwanzo. Lango likishafunguka, mtafute alipo yeye, kisha tazama saa ya robo ya kwanza na ya pili inapotokea pembeni mwa skrini. Angalia nani yuko nje na nani amefungiwa, na ujiulize kama ungetoka sasa au ungengoja. Hamu ya kutoka huja mapema. Mara nyingi utakuta yeye bado ameshika hatamu zilezile, mikono haijasogea.